Porojo za Barazani kwa Bi Mwanahawa

Subira yangu ilikatika asubuhi kweupe, mbele ya mstari wa watoto, mwanangu Rehema akiwa mgongoni anatafuna ncha ya kanga. Mwalimu Mkuu wetu alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi na rejista mkononi, kile kitabu kirefu cha kuitia majina. Akafika darasa la nne, akasoma, "Tatu binti Salumu." Kimya. Akasema, "Mtoro. Nimemfuta." Kisha akatugeukia sisi walimu na kutabasamu. "Na yule mzee wa Kinyamwezi anayekaa kupiga porojo barazani kwa makungwi, akidai eti anamfundisha, mwambieni porojo si elimu. Hapa ni shule, si ngomani."

Watoto wakacheka kwa kuwa Mkuu amecheka. Mie nikatoka kwenye mstari wangu, nikaenda mpaka chini ya ngazi.

"Mkuu," nikamwambia, "mie niliyesimama hapa nimesomeshwa na porojo hizo hizo. Cheti changu umekiona kwa macho yako. Haya, nifute na mie."

"Mwalimu Zena, rudi kwenye darasa lako. Na huyo mtoto mtafutie yaya."

"Huyu mtoto ana mama. Tatu ndiye uliyemfanya kama hana mtu."

Nikarudi darasani, nikafundisha kusoma mpaka kengele ya mwisho, chaki inavunjika kila mstari.

Nyie mnaotoka vyuoni sasa na kupangiwa shule za huku pwani, nawaandikia nyie. Mie si mzee. Nina mtoto mmoja na hasira nyingi. Lakini kazi ninayoisimulia haikuanza na mimi, ilianza na Mwalimu Petro, na yeye ni mzee, na hataiandika kamwe, maana kila akishika kalamu huishia kuchora ramani. Nimemsikiliza tangu utoto wangu. Mtamsikia kwa mdomo wangu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kisigino, gauni lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, na andalio la somo lililojaza kurasa. Andalio ni mpango wa kipindi kimoja: utaanza na nini, utauliza nini, utaandika nini ubaoni. Mwalimu Petro ndiye alikuwa Mwalimu Mkuu, yuko ukingoni mwa kustaafu. Alilisoma andalio langu lote akiwa amesimama, nami nikangoja sifa.

"Vua viatu," akasema.

"Viatu, Mwalimu?"

"Watoto hawa hawajapata kuona kisigino. Watasoma miguu yako mpaka Ijumaa. Mie nataka wasome ubao."

Nikavua. Akanipeleka dirishani. Nje, mama mmoja muuza mihogo ya kuchoma alikuwa ameegemea ukuta wa darasa, na msichana mkubwa amembeba mdogo wake, wote wawili wakijifanya wamefuata kivuli.

"Andalio lako zuri, binti yangu, ila umewaandalia waliomo ndani tu. Paza sauti ifike kwa wale. Hujui nani anasoma."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuonyesha mahali pa kutundikia mwavuli. Nimefundisha kwa maneno hayo mpaka leo.

Mwalimu Petro alizaliwa Unyamwezini, reli haijafika huko. Baba yake alikuwa mpagazi, yaani mbeba mizigo wa misafara iliyokuwa ikitembea kwa miguu kuja pwani. Safari moja akamchukua mwanawe. Petro alikuwa mdogo hata mzigo wake ulikuwa mkeka wa baba na kibuyu cha maji. Anasema anakumbuka visigino vya baba yake kuliko uso wake, kwa kuwa alivifuata njia nzima.

Walipokaribia pwani baba akashikwa na homa. Msafara ukawaacha Mtoni, nyumbani kwa Wazaramo. Sasa, kwa nyie wageni wa huku: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Watatukanana watakavyo na hapana kununa, lakini mmoja akiugua au akifa, mwenzie hana ruhusa ya kugeuza uso. Wazaramo wale wakamuuguza mpagazi asiyewajua. Alipofariki wakamzika, na kwa desturi ya utani wakamtukana palepale kaburini: oh, Mnyamwezi huyu mvivu, ameona mzigo mzito akaamua kufa. Huku machozi yanawatoka.

"Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokikumbuka sawasawa duniani," Mwalimu Petro hunambia. "Watu nisiowajua wanamtukana baba yangu kwa mapenzi."

Mtoto alirudishwa kwao na msafara mwingine. Akasoma misheni, akabatizwa, akawa mwalimu, kisha mkufunzi katika chuo cha ualimu huko bara. Mkufunzi ni mwalimu wa walimu. Kazi yake kubwa ilikuwa somo la ukosoaji: mwanachuo anafundisha darasa la watoto wa kweli, wenzie wamekaa kando na daftari, halafu wanamkosoa mbele yake. Wengine walitoka hapo wanalia. Mwalimu Petro alikuwa na tabia ya kufundisha akiwa nyuma ya darasa, watoto wamempa mgongo wanatazama ubao. Bwana Prinsipali, Mwingereza mrefu mwenye kiko, hakuipenda.

"Petro, mwalimu husimama wapi?"

"Mbele, Bwana."

"Na wewe?"

"Nyuma, Bwana. Wakiniona wanataka kunifurahisha mimi. Wasiponiona wanafikiri."

Bwana Prinsipali akavuta kiko chake, kisha akasema, "Nitaandika kwamba ulikuwa mbele." Walikaa kwa namna hiyo miaka mingi, mmoja nyuma ya darasa na mwingine akiandika kwamba yuko mbele.

Halafu akaomba uhamisho. Wenzie walidhani ameugua. Mkufunzi anaacha chuo, nyumba ya bati na heshima, anaomba shule ya msingi huku kwetu, wakati huo Temeke ni mashamba ya mihogo na mikorosho na mchanga wa barabara ya Kilwa unameza gurudumu la baisikeli mpaka katikati. Yeye alisema anataka kukaa karibu na kaburi la baba yake. Akapewa.

Aliyoyakuta yalikuwa haya. Wasichana wachache walioandikishwa walisoma vizuri, halafu mmoja mmoja walitoweka. Hawakuhama. Walikuwa wamevunja ungo, na Mzaramo binti yake akivunja ungo humweka ndani awe mwali. Mwali hakai na watu. Haonwi na mwanamume, hapazi sauti, hatoki mchana. Anakuwa chini ya kungwi, mwanamke mtu mzima anayemfunda mambo ya utu uzima, mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma. Wengine hukaa miezi, wengine mwaka na zaidi. Akitolewa, shule imeshamsahau, naye ameshaisahau, na mchumba anangoja nje.

Mwalimu Mkuu aliyemtangulia alikuwa akiwatoza baba zao faini na kuwatishia askari. Akapata maadui, wasichana hakuwapata.

Mie niliwekwa ndani nikiwa darasa la nne. Kungwi wangu, ambaye mwali humwita somo yake, alikuwa Bi Mwanahawa, mwanamke wa Mtoni, mwembamba, ulimi wembe, anayejua kumnyamazisha mtu kwa kukohoa tu. Nilikaa chumba cha nyuma ya pazia, dirisha limezibwa kwa makuti. Nililia siku za mwanzo, na sikulia kwa ajili ya mama. Nililia kwa sababu tulikuwa tumefika kwenye mafungu na kugawanya, na nilikuwa ndiyo kwanza nimeelewa.

Alasiri moja nikasikia sauti barazani.

"Hodi hapa."

"Nani anapiga hodi kama anatua pembe za ndovu?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Mtani wako, Bibi."

"Ah, Mnyamwezi! Leo mzigo umeutua wapi?"

"Nimeutua kwako. Naomba maji ya kunywa."

"Yapo kisimani. Kanywe na mbuzi."

"Ndiyo nyie Wazaramo. Mkisikia ngoma jembe mnaliacha linaning'inia hewani, mgeni hata maji hapati."

Nikaziba mdomo kwa kanga nisicheke. Nikasikia kata ya maji inateka, kiti kinasogezwa. Nilichungulia kwenye tundu la pazia, nikaona mgongo. Mwalimu Petro alikuwa amekaa barazani ameupa mlango mgongo, anatazama njia, na mkononi ana sindano na kofia. Hilo nalo niwaambie: starehe yake ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za vitobo, kazi ya Waislamu wa pwani. Alijifunza kwa fundi wa Mtoni, na yeye mwenyewe Mkristo havai.

"Mkristo anashona kofia," Bi Mwanahawa akamchokoza. "Atavaa nani? Askofu?"

"Nashona ili macho yangu yawe na kazi, Bibi. Yasije yakatembea yasikotakiwa."

Hapo Bi Mwanahawa akamwongezea maji. Alikuwa ameelewa. Mzee huyu hatageuka. Mtu na mtani wake wanakaa barazani wanaongea, kuna ubaya gani? Hakuna desturi iliyovunjwa. Na kama maneno yanapita kwenye pazia, maneno si mwanamume.

Tangu siku hiyo alikuja mara kwa mara baada ya shule. Hakunisemesha kamwe. Alimsimulia Bi Mwanahawa mambo yake: safari alizotembea, mito aliyovuka, nyuki wa kwao na mizinga yao. Kila Jumamosi alipanda baisikeli mpaka stesheni ya Pugu kuangalia gari la moshi la bara likiingia, kwa sababu tu alipenda kuliangalia, na abiria wa kwao walimrushia salamu na wakati mwingine asali. Basi akirudi husimulia, na ndani ya masimulizi kulikuwa na kazi.

"Bibi, gari la moshi limetoka Dar es Salaam na mabehewa manane. Pugu likaacha mawili, Ruvu likaunganisha matatu. Litafika Morogoro na mangapi?"

"Mie najuaje? Labda ishirini. Nyie si mnapenda kubeba?"

Ndani nikachukua kijiko, nikagonga kikombe cha bati polepole. Tisa.

"Mtani," Bi Mwanahawa akasema, "humu ndani kuna panya anagonga vikombe."

"Panya wa darasa la ngapi?"

"La nne."

"Ahaa. Mpe uji panya huyo."

Ndivyo nilivyosoma mafungu na kugawanya. Insha niliandika kwenye kibao cha mawe, wenyewe tunaita sleti. Bi Mwanahawa alikitoa nje kwa mkono wake, Mwalimu akakisahihisha akiwa ametazama njia, kikarudi ndani kwa mkono huohuo. Siku moja niliandika kwamba Mto Ruvu unamwaga maji Tabora. Kibao kikarudi na ramani ndogo iliyochorwa pembeni, na chini yake: "Maji hayapandi mlima kwa ajili yako, binti yangu." Nilikilalia kibao kile.

Bi Mwanahawa hakujua kusoma, wala hakutaka. Lakini kila nilipomaliza kujifunza alichonifunda yeye, ambacho sitakiandika hapa, alikuwa akiniambia, "Haya, sasa ya kwake. Yule kichaa wako anakuja."

Nilipotolewa nilifanya mtihani na wenzangu, nikafaulu kuingia shule ya kati, yaani darasa la tano mpaka la nane, na baadaye sekondari ya bara. Baba alipinga. Mjomba alipinga zaidi, na kwetu neno la mjomba ndilo zito. Bi Mwanahawa aliwaita wote wawili, akawaambia mwali ni wake, amemfunda yeye, na aibu yoyote itakayotokea huko bara iandikwe kwenye kichwa chake. Nikapanda gari la moshi na sanduku la mbao. Pugu ikapita, nikaijua. Ruvu, Ngerengere, Morogoro na ile milima yake, Kilosa. Msichana mwenzangu kutoka Bagamoyo alikuwa akilia kwa woga. Nikamwambia, "Usilie, mbele kuna stesheni wanauza karanga, kisha nchi inakuwa nyekundu." Akaniuliza nimeshapita mara ngapi. Nikamjibu, "Mara nyingi sana." Sikuona kama nimedanganya.

Nilirudi nikiwa mwalimu. Nilifanya kazi chini ya Mwalimu Petro kwa muda mfupi, nikaolewa, nikamzaa Rehema. Akastaafu. Shule ikampa saa ya mezani na hotuba mbili. Akahamia chumba chake Mtoni, akaendelea kushona kofia. Lakini baraza la Bi Mwanahawa hakuliacha. Kila palipokuwa na mwali aliyetoka darasani kwetu, mzee alikwenda akaomba maji. Mie nilipeleka sleti na maswali, yeye alipeleka mgongo wake na hadithi zake. Wasichana kadhaa walipita pale. Tatu binti Salumu ndiye wa sasa, na ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi. Anagonga jibu kabla mzee hajamaliza swali. Mzee humlalamikia Bi Mwanahawa: "Mtani, panya wako hana adabu, anadakia."

Huyu Mkuu mpya ni kijana wa chuo, nguo safi, kazi anaijua. Simsingizii. Lakini ameletwa na amri ya kupunguza utoro, na kwake mtu asiyeonekana darasani ni mtoro, basi. Nilimweleza habari ya mwali. Mara ya kwanza alisema, "Desturi mbaya." Mara ya pili alisema, "Nitashughulikia mwenyewe." Nikadhani ataenda kuongea na wazee.

Alikwenda alasiri, peke yake, na rejista. Yaliyotokea nimeambiwa na Bi Mwanahawa mwenyewe. Mkuu hakupiga hodi. Alimpita Mwalimu Petro barazani kama anapita mtungi, akalikamata pazia, akalivuta, akaita kwa sauti ya mstarini: "Tatu binti Salumu!"

Msichana akapiga yowe, akajitupa ukutani na kanga kichwani. Bi Mwanahawa alikuwa uani anasonga ugali. Akaja na mwiko.

"Nilimpiga," aliniambia. "Nilimpiga mwiko wa mgongo, na shati jeupe likapata chakula. Sijuti."

"Na Mwalimu Petro?"

Hapo sauti yake ikabadilika. "Mtani wangu hakugeuka, Zena. Amefumba macho, sindano imemchoma kidole, damu kwenye kofia, na bado uso ameuelekeza njiani. Anasema tu, 'Toka, kijana. Toka, mwanangu.' Mpaka yule akatoka."

Kesho yake Mkuu akaniambia kwamba amethibitisha: msichana yuko nyumbani, mzima, si mgonjwa, kwa hiyo ni mtoro. Na Jumatatu akamfuta kama nilivyowaeleza.

Sasa sikilizeni uzito wake. Aliyefutwa kwenye rejista hafanyi mtihani wa darasa la nne. Asiyefanya mtihani hana shule ya kati. Na mjomba wa Tatu, aliposikia kwamba mwanamume ameshamwona mwali, na shule yenyewe imemkataa, alisema neno moja: "Basi tumtoe, aolewe." Mume yupo, mtu mzima mwenye duka la samaki wakavu. Mtihani uko karibu na ndoa iko karibu, na kitakachotangulia ndicho kitakachokuwa maisha ya Tatu.

Siku ileile ya mstari nilikwenda kwa Mwalimu Petro na mtoto mgongoni. Nilimkuta kwenye kigoda nje ya chumba chake, hana sindano mkononi. Kidole kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama Rehema. Mlete mjukuu nimshike."

Nikampa. Rehema akamkamata ndevu. Nikamwambia yaliyotokea mstarini, lile neno la porojo nikaliruka. Akatabasamu.

"Amesema porojo, siyo? Nimeshasikia. Watoto wanapita hapa. Hajakosea sana. Nimepiga porojo maisha yangu yote. Bwana Prinsipali alikuwa anaandika kwamba nafundisha."

"Mwalimu, nataka kupeleka malalamiko kwa Bwana Elimu."

Akamrusharusha mtoto gotini.

"Usiandike, binti yangu. Kazi ile ilidumu kwa kuwa haikuandikwa popote. Bwana Elimu akiijua atauliza nani aliruhusu. Atasema mzee aliyestaafu anakaaje kwenye mlango wa wasichana. Watalifunga baraza lote, sio la Tatu peke yake. Kijana huyu atahamishwa, wanahamishwa wote. Mie nimejifunza kungoja."

"Tatu hawezi kungoja. Anaolewa."

"Najua."

"Na wewe umestaafu, Mwalimu. Mie sijastaafu."

Nilijua nimemsema vibaya mtu mzima, na mwanafunzi wake hasemi hivyo. Lakini hakukasirika. Alimpakata Rehema vizuri, akamfunika miguu na kanga yake.

"Ninapokaa hapa," akasema, "huwa nafikiri safari zangu. Nimekwenda kwa miguu, kwa baisikeli, kwa gari la moshi. Naona kwamba katika zote hizo, sikupata kufika mbali kama nilivyofika nikiwa nimekaa kwenye baraza lile natazama njia. Hayo ndiyo mawazo yangu ya kustaafu. Sikuwahi kumwambia mtu." Akanirudishia mtoto. "Kamuulize Bi Mwanahawa. Nyumba ni yake. Akisema andika, andika na jina langu."

Bi Mwanahawa nilimkuta barazani, kiti cha mzee kimegeuzwa miguu juu ili asikikalie mtu mwingine. Nikamwamkia, nikamweleza: kwamba nataka kuandika, kwamba Bwana Elimu, Mzungu, atasoma, kwamba yatakuwa kwenye karatasi ya serikali milele.

Alitafuna tambuu yake taratibu.

"Ya ndani utaandika?"

"Sitaandika, somo yangu."

"Apa."

Nikaapa.

"Basi andika ya barazani. Ya barazani kila mpita njia ameyaona. Ya ndani yaache ndani." Akatema mate pembeni. "Na yule mjomba nitamshika mie. Nitamwambia angoje mwezi mmoja, hawezi kunikatalia, mkewe nimemfunda mie. Lakini mwezi tu, Zena. Ukipita sina la kusema."

"Na siku ya mtihani, atatokaje? Hajatolewa."

Hili ndilo nililokuwa naliogopa. Rehema akaanza kulia, nikamshusha nikamnyonyesha.

"Nitamleta mie," akasema mwishowe. "Amefunikwa gubigubi, njia ya mashambani. Usinambie asante. Nafanya kwa ajili ya mtani wangu. Mama yangu alimlisha uji akiwa mdogo, wakati baba yake anauguzwa kwetu, akautapika wote kwenye mkeka mpya. Watu kama hao huwezi kuwatupa."

Kutoka nyuma ya pazia kukasikika kijiko kwenye kikombe, mara moja tu.

"Nyamaza wewe," Bi Mwanahawa akasema. "Hujaulizwa."

Niliandika malalamiko yangu mezani kwangu, mtoto amelala kwenye mkeka. Mume wangu alisoma akasema ni makali. Nikamwambia ndiyo nimeyapunguza. Nilikwenda nayo mwenyewe mjini, nikayakabidhi mkononi mwa karani, nikamtaka agonge muhuri nikiangalia. Jibu bado halijaja. Haya hapa, neno kwa neno:

Kwa Bwana Afisa Elimu wa Wilaya.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya serikali huku Temeke. Namlalamikia Mwalimu Mkuu wangu.

Amemfuta Tatu binti Salumu wa darasa la nne kwa utoro. Msichana huyu si mtoro. Yuko ndani kwa desturi ya kwao, na muda wote amekuwa akifundishwa masomo ya darasa lake na Mwalimu Petro, mkufunzi mstaafu, ambaye hakupata kumwona wala kumsemesha. Kazi zake za kuandika nimezisahihisha mimi pia. Naambatanisha hesabu zake za muhula huu.

Mwalimu Mkuu aliingia katika nyumba ya watu bila hodi, akavuta pazia la mwali. Hajui alichokifanya, na hilo silo jambo la kumtetea, kwa kuwa nilimweleza kabla. Kwa kosa lake msichana yuko karibu kuozwa. Serikali inasema inataka wasichana wasome. Huyu anasoma, na ni mtumishi wa serikali aliyemfungia mlango.

Naomba jina la msichana lirudishwe kwenye rejista wiki hii. Naomba afanye mtihani katika darasa langu, nimsimamie mimi au mwanamke mwingine utakayemtaka, na kungwi wake aruhusiwe kukaa mlangoni. Naomba Mwalimu Mkuu aende kwa Bi Mwanahawa kuomba radhi, apige hodi, na akae atakapoelekezwa. Naomba Mwalimu Petro asiguswe.

Utaambiwa kwamba nilimjibu Mkuu mbele ya watoto. Ni kweli. Utaambiwa kwamba nafundisha na mtoto mgongoni. Hilo pia ni kweli, na darasa langu linasoma.

Kama huamini kwamba msichana anajifunza, usitume karani. Njoo mwenyewe, Bwana, alasiri yoyote. Piga hodi, omba maji, kaa barazani uupe mlango mgongo, kisha uliza swali lolote la darasa la nne. Utajibiwa.

Ni mimi,
Zena binti Omari, mwalimu.